Mbegu, vipandikizi au mabamba: njia ipi ifae kuziba vipara katika uwanja wa nyasi

Kipara katika uwanja wa nyasi hakibaki kama kilivyo. Udongo uliovuliwa nyasi hupigwa na jua na kugongwa na matone ya mvua hadi uso wake ukafanya gamba gumu, na mara nyingi magugu, ambayo mbegu zake zilikuwa zimelala ardhini zikingoja mwanga, huwahi kuota kabla nyasi za kandoni hazijapafikia mahali hapo. Mwenye nyumba anayetaka kukiziba kipara chake ana njia tatu mbele yake: kupanda mbegu, kupandikiza vipande vya mashina au vibonge vya nyasi, na kutandika mabamba, yaani nyasi zilizokwisha kukomaa ambazo zimekatwa pamoja na mizizi na udongo wake. Ipo pia njia ya nne, ya kuziacha nyasi za jirani zitambae zenyewe, nayo inafaa mahali pachache ambapo nitapataja.

Watu wengi huzilinganisha njia hizi kwa gharama na kwa wepesi wa matokeo. Mizani hiyo ina maana yake, lakini naamini si ya kuanza nayo. Nimewahi kuona mabamba ya nyasi nzuri kabisa yakinyauka na kuwa kama makuti ndani ya mwezi mmoja, na nimeona vipandikizi vilivyong'olewa ukingoni mwa uwanja uleule vikifunika kipara kizima bila mwenye uwanja kutoa fedha yoyote. Tofauti ilitokana na mambo mawili: aina ya nyasi zilizokuwapo tayari, na uwezo wa mtu kutoa maji siku hadi siku katika wiki tatu za mwanzo. Anayejibu maswali hayo mawili kwa ukweli huwa amekwisha kuchagua zaidi ya nusu.

Sababu ya kipara kwanza

Kabla ya kupima njia moja dhidi ya nyingine, ni lazima kujua nyasi za kwanza zilikufa kwa nini, kwa sababu kila njia huitikia kosa hili kwa namna yake. Mbegu iliyopandwa mahali pabaya hushindwa mapema na waziwazi, na katika wiki tatu au nne mtu huwa amepata jibu. Bamba la nyasi, kinyume chake, huja na akiba yake ya chakula na unyevu, hivyo huweza kukaa kijani kwa wiki kadhaa juu ya udongo usiofaa huku mizizi yake ikikataa kushuka, na linapokufa huwa limekwisha kugharimu mengi. Kwa hiyo njia iliyo ghali zaidi ndiyo pia inayoficha kosa kwa muda mrefu zaidi, na jambo hilo sioni likisemwa vya kutosha kwa watu wanaojiandaa kununua mabamba.

Udongo ulioshindiliwa na miguu hujulikana kwa kuuchoma na bisibisi ndefu siku moja baada ya mvua au baada ya kumwagilia; ikikataa kuingia kiasi cha sentimita 10 bila kulazimishwa, mizizi nayo itakataa. Mkojo wa mbwa huacha doa lililokufa katikati na kuzungukwa na pete ya nyasi za kijani kizito, kwa kuwa naitrojeni na chumvi vikizidi huunguza, ilhali vikipungua kidogo pembeni hugeuka mbolea. Mahali ambapo nyasi zinavutika na kuinuka kama zulia lisilogundishwa, inafaa kufukua na kutazama kama kuna mabuu meupe ya mbawakawa, yaliyojikunja na kukata mizizi chini kwa chini. Kipara kinachorudi kila ukame mahali palepale mara nyingi kina mawe, matofali au saruji ya ujenzi chini yake, na hapo kazi huanza kwa sepetu. Petroli au mafuta ya mashine yakimwagika, ni bora kuondoa udongo wote uliolowa na kuweka mwingine kuliko kujaribu kuuponya.

Kivuli kinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndicho kinachowafanya watu wapande tena na tena. Nyasi nyingi za maeneo ya joto huhitaji saa sita au zaidi za jua la moja kwa moja kwa siku. Hakuna mbegu, kipandikizi wala bamba litakalobadilisha hesabu hiyo. Kinachoweza kubadilishwa ni matawi ya mti au aina ya mmea unaowekwa hapo.

Nyasi ulizo nazo

Ng'oa shina moja la nyasi ukingoni mwa kipara ulitazame. Ikiwa limeshikana na uzi mrefu unaotambaa juu ya ardhi au chini yake, wenye vifundo vinavyotoa majani juu na mizizi chini, uwanja wako una nyasi zinazotambaa. Ukoka, ambao wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, ni wa jamii hiyo, na vivyo hivyo nyasi za Kikuyu, zoisia, na zile nyasi za majani mapana za Stenotaphrum secundatum. Ikiwa badala yake umeng'oa fungu dogo la majani yaliyotoka sehemu moja, bila uzi wowote wa kutambaa, basi una nyasi za mafungu, kama vile raigrasi ya kudumu (Lolium perenne) na fesikyu ndefu, ambazo hupandwa sana katika maeneo ya baridi.

Tofauti hii hufuta baadhi ya machaguo papo hapo. Vipara vya nyasi za mafungu haviwezi kuzibwa kwa vipande vya mashina, kwa sababu nyasi hizo hazina mashina ya namna hiyo. Hapo ushindani hubaki kati ya mbegu na mabamba. Nyasi zinazotambaa hukubali vipandikizi na mabamba, lakini si zote zinazokubali mbegu. Stenotaphrum hutoa mbegu chache mno zenye uhai, hivyo karibu daima huenezwa kwa mashina. Ukoka wa chotara, ambao umezalishwa kwa kuchanganya Cynodon dactylon na Cynodon transvaalensis na ambao hupendwa kwa majani yake membamba na yaliyosongamana, mara nyingi ni tasa kabisa. Mtu mwenye uwanja wa aina hiyo akinunua pakiti ya mbegu za ukoka atapata ukoka kweli, lakini wa kawaida, wenye majani mapana kidogo na rangi tofauti, na kipara chake kitageuka kiraka.

Kosa hilo nalijua kwa kuwa nimelifanya. Nilipanda mbegu za mchanganyiko, zilizokuwa na raigrasi nyingi, katikati ya uwanja wa ukoka, kwa kuwa pakiti iliahidi kuota upesi. Ziliota upesi kweli, zikang'aa kuliko nyasi zote zilizozizunguka, na joto lilipokolea zikafa zote kwa wiki chache na kuniachia kipara kilekile pamoja na magugu yaliyokuwa yamejificha ndani yake. Tangu hapo, ninapoulizwa ni mbegu gani za kununua, huuliza kwanza ni nyasi gani zilizopo.

Mbegu

Mahali ambapo nyasi zilizopo zinakubali mbegu, na eneo la kuziba ni kubwa kiasi, mbegu huishinda njia nyingine yoyote kwa gharama, na pia kwa uhuru wa kuchagua: mtu anaweza kutafuta aina inayovumilia zaidi kivuli, ugonjwa au ukame, ilhali mabamba huuzwa kwa aina chache zinazokuzwa na wauzaji wa karibu. Miche iliyoota papo hapo hushusha mizizi katika udongo uleule itakaoishi nao, na haina mpaka wowote wa kuuvuka.

Udhaifu wake ni kwamba inahitaji mambo mengi yaende sawa kwa wakati mmoja. La kwanza ni joto la udongo. Mbegu za nyasi za baridi huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 10 hadi 18 za Selsiasi, ilhali za nyasi za joto hutaka nyuzi 20 hadi 30. Zikipandwa nje ya vipimo hivyo hukaa tu ardhini zikioza au zikiliwa na ndege na sisimizi. La pili ni subira inayolingana na aina yenyewe. Raigrasi huota kwa siku 5 hadi 10, fesikyu kwa wiki moja hadi mbili, ukoka kwa wiki moja hadi tatu, na Poa pratensis, nyasi nyingine ya maeneo ya baridi, huweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Mtu asiyejua hili huja siku ya kumi na mbili, akakuta udongo mtupu, akachakura na kupanda tena juu ya mbegu ambazo zilikuwa karibu kuchipua.

Kiasi cha mbegu ni jambo linalokosewa sana, na wengi hukosea kwa kuzidisha. Kilo moja ya mbegu za ukoka zilizomenywa ina takribani mbegu milioni nne, huku kilo moja ya raigrasi ikiwa na takribani nusu milioni tu, kwa hiyo vipimo vyao haviwezi kufanana. Kwa ukoka, gramu 5 hadi 10 kwa mita moja ya mraba zinatosha. Kwa raigrasi na fesikyu ndefu ni gramu 25 hadi 40. Kipara chenye upana wa sentimita 50 kila upande ni robo ya mita ya mraba, na hivyo kinataka gramu mbili tu hivi za ukoka, kiasi kinachokaa katika kijiko kidogo. Mbegu zikimwagwa kwa kiganja, miche huota kama manyoya ya kifaranga, ikanyang'anyana mwanga na hewa, na katika unyevu wa kila siku ukungu huikata shingoni kwa mafungu.

Namna ya kuzipanda ni nyepesi kueleza. Udongo hulainishwa kwa reki hadi kina cha sentimita tatu hadi tano, mbegu hutawanywa, kisha hufunikwa kwa safu nyembamba ya milimita 3 hadi 6 ya mboji iliyochekechwa au udongo laini, na mwisho hukandamizwa kwa ubao au kwa mguu ili kila mbegu iguse udongo. Mbegu iliyolala juu ya nyasi zilizokufa haigusi kitu cha kuipa maji. Pia zipo dawa za kuzuia magugu yasiote ambazo hubaki ardhini kwa wiki nyingi, na hazitofautishi mbegu ya gugu na mbegu ya nyasi. Aliyeziweka majuzi hana budi kungoja muda ulioandikwa kwenye lebo, au achague njia nyingine.

Kabla ya kununua, soma lebo uone asilimia ya usafi na asilimia ya uotaji, kisha uzizidishe. Pakiti yenye usafi wa asilimia 90 na uotaji wa asilimia 85 ina mbegu hai kiasi cha asilimia 76.5 tu, na pakiti ya bei nafuu yenye namba za chini zaidi huenda isiwe nafuu hata kidogo. Mbegu zilizokaa stoo kwa misimu kadhaa hupimwa kwa kuweka mbegu 20 ndani ya karatasi laini iliyoloa, kuifunga ndani ya mfuko mahali penye joto, na kuhesabu zilizochipua baada ya siku zinazotakiwa.

Vipandikizi na vibonge

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza mara nyingi zaidi kwa mwenye nyasi zinazotambaa, na nasikitika kuona inavyosahauliwa. Karibu kila uwanja wa ukoka au wa nyasi za Kikuyu una sehemu ambazo nyasi zimevuka mipaka: zimetambaa juu ya njia ya kupitia, zimeingia katika kitanda cha maua, au zimejipenyeza kwenye kokoto. Mtu huzing'oa na kuzitupa, kisha hununua mbegu za aina nyingine ili kuziba kipara kilicho mita chache kutoka hapo. Nyasi zile zilizotupwa zilikuwa za aina ileile hasa, rangi ileile na upana uleule wa jani, na zilikwisha kuthibitisha kuwa zinaupenda udongo wa mahali hapo.

Vipandikizi ni vipande vya shina vyenye vifundo viwili hadi vinne. Hulazwa katika vijifereji vyenye kina cha sentimita 2.5 hadi 5, ncha moja ikiachwa juu ya udongo ipate mwanga, na hupangwa kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya kimoja na kingine. Baada ya kufukia, udongo hukandamizwa kwa mguu na kumwagiliwa mara hiyohiyo, si jioni. Adui wa kipandikizi ni dakika chache za kwanza: shina lililong'olewa na kuachwa juani hufa upesi kuliko mtu anavyodhani, na kwa kuwa halina udongo wowote, halina pa kujificha. Ni vyema kuandaa kipara chote kwanza, kukilowesha, na ndipo kung'oa vipandikizi na kuviweka ndani ya gunia lililoloa wakati wa kuvipanda.

Vibonge ni hatua moja mbele yake. Hivi ni vipande vya mviringo au vya mraba, vyenye upana wa sentimita 5 hadi 10, vinavyokatwa pamoja na mizizi na udongo wake kutoka sehemu yenye afya, hasa sehemu ya nyuma isiyoonekana. Kopo la bati lililofunguliwa pande zote mbili na kunolewa ukingo linatosha kuwa kifaa cha kukatia. Hupandwa kwa umbali wa sentimita 15 hadi 30, vikiwa sawa na uso wa ardhi, na tundu linaloachwa nyuma hujazwa udongo na mboji. Katika nyasi zinazotambaa kwa nguvu, tundu hilo hujifunga lenyewe. Kwa kuwa kibonge kina mizizi hai tangu siku ya kwanza, huvumilia kusahauliwa kwa siku moja, jambo ambalo kipandikizi na mbegu iliyoanza kuchipua haviwezi.

Udhaifu wa njia hii ni nafasi zilizo wazi kati ya mmea na mmea. Magugu huzitumia, na kwa kuwa dawa za kuzuia magugu huzuia pia mizizi michanga, kazi hubaki ya mkono, mara moja kila wiki, hadi nyasi zikutane. Ukoka katika msimu wa joto wenye maji ya kutosha hufunga kipara kwa wiki sita hadi kumi. Zoisia hutambaa polepole sana, na huweza kuchukua msimu mzima au zaidi ya mwaka. Mwenye zoisia asiyeweza kungoja kiasi hicho atafute mabamba.

Mabamba

Sifa ya mabamba ni ya wazi: asubuhi palikuwa na udongo, jioni pana nyasi, na magugu hayana pa kuotea. Kwa kipara kilicho mlangoni, kando ya njia, au kwenye mteremko ambapo mvua moja ingezoa mbegu zote, sifa hiyo ina thamani halisi. Mabamba pia hayafungwi sana na msimu, mradi ardhi haijaganda na maji yapo.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba kutandika bamba ni kazi ndogo kuliko kupanda mbegu. Kipara hukatwa kwa sepetu hadi kiwe na pande zilizonyooka na kufikia nyasi zenye afya pande zote, mizizi yote iliyokufa huondolewa, udongo hulegezwa kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, kisha uso hushushwa kiasi kinacholingana na unene wa bamba, ambao kwa kawaida ni sentimita 1 hadi 2.5 za udongo na mizizi. Bamba likikaa juu kuliko majirani zake, mashine ya kukata nyasi itaunyoa utosi wake kila wiki. Kingo hubanwa zigusane bila kupandana, kwa kuwa mahali penye mwanya ndipo panapokauka kwanza. Katika hali ya joto, mabamba yanapaswa kutandikwa ndani ya saa 24 tangu yakatwe. Yakikaa yamerundikwa, hujichemsha yenyewe kwa ndani na majani hugeuka manjano.

Jambo moja la kuchunguza kwa muuzaji ni udongo uliobebwa na bamba. Mabamba yaliyokuzwa katika udongo wa mfinyanzi yakitandikwa juu ya kichanga, au kinyume chake, maji husita kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili na mizizi husita pamoja nayo. Pale inapowezekana, tafuta mabamba ya udongo unaofanana na wako. Chunguza pia magugu na wadudu, kwa sababu bamba huja na kila kilichoishi ndani yake.

Kwa kipara kimoja kidogo kuna njia ya kati ambayo huniridhisha kuliko kununua: kukata bamba katika kona ya nyuma ya uwanja wako mwenyewe, kulitandika mbele panapoonekana, kisha kuipanda kona hiyo mbegu au vipandikizi na kuipa muda wake wote. Hapo hakuna hatari ya rangi mbili wala ya udongo wa kigeni.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo uchaguzi mwingi unapopaswa kufanyika, nami ningemsihi msomaji ajihesabie si lita tu bali saa zake mwenyewe. Mbegu hazihitaji maji mengi. Zinahitaji maji mara nyingi. Sentimita moja au mbili za juu za udongo zisikauke tangu siku ya kupanda hadi miche isimame, na katika siku za jua hilo humaanisha kunyunyizia kidogo mara mbili hadi nne kwa siku kwa wiki mbili au tatu. Mbegu kavu inaweza kungoja, lakini mbegu iliyokwisha kunyonya maji na kuanza kutoa kimzizi haingoji. Mchana mmoja wa ukavu huiua, na hakuna kinachoonekana juu ya ardhi kumjulisha mtu kwamba imekufa. Maji yenyewe yatoke kwenye keni yenye matundu madogo au mpira wenye kichwa cha kunyunyizia, kwa sababu mkondo wa nguvu huzikusanya mbegu zote bondeni.

Vipandikizi vinataka maji mara moja au mbili kwa siku katika wiki mbili za mwanzo, na vibonge mara moja kwa siku, kisha siku moja baada ya nyingine. Mabamba yanataka maji mengi siku ya kwanza, kiasi cha kulowesha udongo ulio chini yake hadi sentimita 10 hivi, na namna pekee ya kuhakikisha ni kuinua kona moja na kugusa chini kwa kidole. Baada ya hapo humwagiliwa kila siku kwa siku 10 hadi 14, kisha maji huachanishwa na kuongezwa kina ili mizizi iyafuate chini.

Kwa hiyo mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, asiye na wa kumwagilia mchana, asichague mbegu wakati wa jua kali, hata kama ndizo nafuu kuliko zote. Kwake yeye vibonge vinafaa zaidi, au mbegu zilizongojewa hadi kipindi cha mvua nyepesi za mara kwa mara. Mvua kubwa za kushtukiza ni jambo jingine: huharibu mbegu zaidi ya chochote, hugusa vipandikizi kidogo, na haziyadhuru mabamba yaliyokandamizwa vizuri. Mahali ambapo matumizi ya maji kwa bustani yamewekewa mipaka, ni afadhali kuahirisha kazi yote kuliko kuianza na kuiacha katikati.

Mahali na mahali

Kipara kisichozidi upana wa kiganja, ndani ya ukoka au nyasi za Kikuyu zenye nguvu, hakihitaji kupandwa kitu. Legeza udongo wake, tandaza mboji kidogo, ng'oa magugu, na nyasi za pembeni zitakifunga zenyewe katika msimu wao wa kukua. Katika nyasi za mafungu, kipara cha ukubwa huohuo hakitajifunga kamwe, na mbegu chache ni lazima.

Madoa ya mbwa husafishwa kwanza kwa ndoo kadhaa za maji ili kuzishusha chumvi, au kwa kubadilisha sentimita chache za udongo wa juu, ndipo kiwekwe kibonge kimoja katikati ya doa. Sishauri mabamba hapo, kwa kuwa mbwa atarudi.

Kwenye mteremko, mabamba yaliyolazwa kukingama na kushikizwa kwa vijiti ndiyo chaguo la kwanza, na vipandikizi katika vijifereji vinavyokingama mteremko ndilo la pili. Mbegu zikitumiwa, zifunikwe kwa wavu wa katani au gunia jepesi lililofumwa wazi, lishikizwe chini hadi miche ipenye. Chini ya mti, ambapo jua ni hafifu na mizizi ya mti hunyonya maji ya juu, ningejaribu mbegu za aina inayovumilia kivuli katika maeneo ya baridi, au Stenotaphrum kwa vibonge katika maeneo ya joto, na hata hivyo kwa sehemu inayopata jua la saa nne hivi. Penye chini ya hapo, matandazo ya magome au mmea mwingine wa kufunika ardhi utakuwa na heri zaidi. Pale watu wanapokatiza kila siku, bamba litachakaa kama nyasi zilizotangulia. Mawe bapa ya kukanyagia yaliyolazwa usawa wa ardhi hutatua kile ambacho mimea haiwezi.

Ikiwa vipara vimekula zaidi ya nusu ya uwanja, ulinganisho huu wa kuziba haufai tena, kwa kuwa kazi itakuwa ni kuusimamisha uwanja upya, kuanzia udongo wake.

Kila njia ina siku yake ya kufunguliwa kwa miguu na kwa mashine. Bamba huvutwa kona taratibu baada ya wiki mbili. Likikataa kuinuka, limeshika, na linaweza kukatwa kwa mara ya kwanza, ingawa michezo ya watoto ingoje wiki mbili zaidi. Miche ya mbegu hukatwa inapopita kwa theluthi moja urefu unaokusudiwa, udongo ukiwa mkavu kiasi cha kutobonyea, na kwa kisu cha mashine kilichonolewa, kwa sababu kisu butu huing'oa miche michanga badala ya kuikata. Vipandikizi na vibonge hukatwa mapema zaidi kuliko wengi wanavyothubutu, mara tu majani yanapoanza kusimama juu ya yale ya pembeni, kwa kuwa ukoka ukipunguzwa juu huelekeza nguvu zake kwenye mashina yanayotambaa, nayo ndiyo yatakayokutana katikati ya kipara.